Saa ya ndege inachelewa? Anza na ukuta kabla hujashika bisibisi

Wadau habari zenu, leo ni zile saa za Kijerumani za kuning'iniza, kinyumba cha mbao ndege anatoka mlangoni anaita, chini kuna vyuma vizito vyenye umbo la tunda la msonobari kama yale yanayodondoka kwenye msitu wa Sao Hill. Nyingi ninazoletewa hapa Mbeya ni za urithi, na nyingi wala hazijaharibika.

1. Sikiliza kwanza. Tik na tak zinatakiwa zipishane kwa nafasi sawa. Ukisikia inachechemea, tik-tak....tik-tak, saa imekaa upande. Pimamaji weka pembeni, masikio ndo yanaamua: sukuma sehemu ya chini ya saa kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka mlio ulingane, halafu piga mstari wa penseli ukutani maana ukivuta cheni inahama tena.

2. Jani la pendulamu. Pendulamu ni ile fimbo inayobembea chini ya saa, na jani ni kile kipande kinachoteleza juu yake. Ukilipandisha saa inakimbia, ukilishusha inachelewa. Sogeza kidogo sana, hata milimita moja inaweza kubadili dakika kadhaa kwa siku, linganisha na saa ya simu kesho yake muda uleule na katikati usiguse kitu.

Hapa kuna jambo watu wengi hawalijui. Saa ya pendulamu inaendeshwa na mvutano wa dunia, na mvutano huo ni mdogo zaidi karibu na ikweta na pia ukipanda milimani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa yake Cayenne kule Amerika ya Kusini, ikawa inachelewa kama dakika mbili na nusu kila siku ukilinganisha na Paris. Sasa na sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta halafu juu milimani, kwa hiyo saa iliyosetiwa vizuri Ujerumani ikifika huku itachelewa kama dakika mbili kwa siku ikiwa nzima kabisa! Pandisha jani, basi.

3. Usiongeze uzito. Najua inashawishi, saa inasuasua mtu anafunga nati kwenye cheni, inatembea kweli, ila unakula mashine. Kila saa ina uzito wake.

4. Vumbi na mafuta. Vumbi la kiangazi na moshi wa jikoni vikichanganyika na mafuta ya zamani vinakuwa gundi, na baridi ya Juni na Julai inazidisha. Mafuta ya kula hapana, ya cherehani hapana, tafuta mafuta ya saa, tone la ncha ya sindano pale ekseli inapoingia kwenye tundu. Meno ya gia na cheni yaache makavu. Usiilaze wala kuigeuza kichwa chini, cheni zitatoka kwenye magurudumu yake.

5. Ukirekebisha muda, peleka mshale wa dakika mbele tu, na kila nusu saa na saa kamili subiri ndege amalize kuita. Hakikisha kile kiwaya cha kufungia mlango wake kimefunguliwa.

Kama umefanya yote na bado inasimama, angalia tundu za ekseli kwenye bati la mashine, zikiwa zimelika zikawa na umbo la yai hapo mafuta hayasaidii tena, inahitaji kushushwa na kuwekwa bushi (vipete vipya kwenye hizo tundu), mpelekee fundi saa mwenye vifaa.