Namna ya kusikilizwa kikaoni kabla hujapewa cheo: maelezo ya mtunza stoo

Mimi ni mtunza stoo wa hoteli, pwani ya mashariki ya Unguja, tangu 2009. Nilipoanza, kikao cha asubuhi kilikuwa mtihani kwangu. Wakuu wa idara wamekaa, meneja mgeni anazungumza Kiingereza, na mimi niko karibu na mlango na funguo zangu mkononi, nasubiri kuulizwa mchele umebaki magunia mangapi. Hadi leo kwenye karatasi bado ni mtunza stoo. Lakini kikao kikikwama, watu hunigeukia mimi. Vijana wanaoingia kazini huniuliza nimefikaje hapo, na wengine wanadhani nina jamaa wa mwenye hoteli. Sina. Nilifanya haya yafuatayo, na moja nililikosea vibaya, nalo nitalisema.

Hatua ya 1: Ingia na namba

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa hitilafu ya njia inayopita chini ya bahari kutoka bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. (Mimi mtoto wa Mkoani. Sisi Pemba kebo yetu kutoka Tanga ilikuja huo huo 2010, kabla ya hapo tulikuwa watu wa majenereta ya Wesha, kwa hiyo giza halikunibabaisha kama lilivyowababaisha wenzangu.)

Kila asubuhi kikao kilikuwa dizeli tu. Fundi anasema jenereta inakula sana. Shefu anasema mafriza hayazimwi, samaki wataoza. Mapokezi wanasema wageni wanalalamika joto. Kila mmoja anasema kweli, na hakuna linaloamuliwa. Sasa dizeli ile ilikuwa inapita mkononi mwangu, na kila ilipotoka nilikuwa naandika lita na saa. Siku ya nne au ya tano nikanyanyua mkono: "Samahanini. Mchana inakula lita 30 kwa saa. Usiku wa manane ni 18. Ikizimwa saa saba usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, ni lita 72 kwa usiku mmoja. Siku tatu ni dramu nzima na zaidi."

Kimya. Halafu shefu akamuuliza fundi kama mafriza yatahimili saa nne bila kufunguliwa, fundi akasema yakiwa yamejaa yatahimili. Siku hiyo tulitoka kikaoni chai haijapoa.

Angalia kwamba sikusema "mimi naona tuzime". Mtunza stoo mgeni akisema anaona, ataambiwa akaone kwao. Niliweka namba mezani, wenyewe wakaamua.

Kwa hiyo usiku wa kabla ya kikao jiulize kesho watabishania nini, kisha andika namba tatu zinazohusu jambo hilo na zinazopita mikononi mwako. Uko mapokezi? Vyumba vinavyoingia, vinavyotoka, na walioomba kuchelewa kutoka. Uko skuli? Watoto wangapi hawakuja wiki hii na ni wa darasa gani. Namba tatu zinatosha. Ukija na ishirini utakuwa unasoma ripoti, na ripoti hakuna anayeisikiliza.

Hatua ya 2: Sema mapema, sema kifupi

Kijana wetu mmoja wa mapokezi anayesoma SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, alinionesha kwenye simu utafiti uliochapishwa 2020, wa Neil MacLaren na wenzake huko Marekani. Waliwachunguza wanafunzi katika vikundi 33, wakawauliza nani ameibuka kiongozi. Aliyezungumza kwa muda mrefu zaidi ndiye aliyetajwa zaidi, hata baada ya tofauti za akili na tabia za watu kuingizwa kwenye hesabu. Kijana akacheka: "Umeona, bi mkubwa? Cha kufanya ni kusema tu!"

Nikamwambia wale walikutanishwa kwa muda mfupi wafanye kazi ya kuigiza, kisha kila mtu akaenda zake. Sisi hapa tunakaa miaka. Mropokaji wetu anajulikana kabla wiki haijaisha, na akifungua mdomo watu wanaangalia simu. Ninachokichukua kwenye utafiti ule ni kimoja: anayenyamaza kikao kizima hahesabiki, hata awe na akili za nabii Suleiman. Basi sema ndani ya dakika kumi za mwanzo. Hata swali linatosha: "Hili la maji tunalimaliza leo au tunalisikia tu?" Ukishasikika mara moja, mara ya pili haikutetemeshi sauti. Kisha rudi mara tatu au nne, kila mara sentensi mbili.

Utafiti huo huo ulikuta kuwa wanaume walipata kura za ziada kwa kuwa wanaume tu. Hilo sikuhitaji kuoneshwa kwenye simu. Dada yangu unayesoma, ukisema neno likapita kama upepo, halafu baada ya dakika tano Bwana Fulani akalisema akasifiwa, usinune. Sema kwa uso mkunjufu: "Ahsante kwa kuliunga mkono lile nililolitoa, na naongeza hivi..." Kisha ongeza kweli, kitu kipya, hapo hapo. Ukinuna unabaki na haki yako na hakuna aliyejua.

Hatua ya 3: Kuwa kumbukumbu ya kikao

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiona mengine yote mazito, shika hii peke yake.

Vikao vingi nilivyokaa havifi kwa ugomvi, vinakufa kwa usahaulifu. Jumatatu tumekubaliana pampu itengenezwe, Alkhamisi tunakubaliana tena pampu itengenezwe, na kila mtu anadhani mwengine ndiye aliyebeba. Nunua daftari dogo. Usiandike maneno yote ya watu, hiyo ni kazi ya katibu. Piga mistari, upate safu tatu: nani, nini, lini. Safu moja ikiwa tupu, hapo ndipo unapouliza. "Nimeandika pampu itatengenezwa. Niandike jina la nani?" Utaona watu wanavyotazamana. Halafu mmoja anasema, "Niandike mimi." Umefanya kazi ya mwenyekiti na hujamnyang'anya kiti.

Kwetu kuna jambo jengine, lugha. Meneja akizungumza Kiingereza cha haraka, nusu ya chumba wanaitikia kwa vichwa na hawajashika. Nilianza kusema, kila jambo likimalizika: "Nihakikishe nimeelewa," kisha nalirudia kwa Kiswahili, pole pole, huku nikisoma daftari. Kiingereza changu si cha kujisifia. Mara mbili tatu nilikosea na meneja akanisahihisha, ikawa faida kwa wote, maana waliokuwa wameelewa kama mimi walikuwa wengi. Baada ya miezi michache meneja mwenyewe akawa akimaliza anatazama upande wangu.

Na chunga saa. Kikao kinachoburuzika mpaka adhuhuri kinavunjika chenyewe, watu wananyanyuka mmoja mmoja. Robo saa kabla, sema: "Adhana imekaribia, tumebakiwa na mawili, la mishahara ya vibarua na la maji. Tuanze na lipi?" Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Hatua ya 4: Pita mlangoni kwa mtu kwanza

Hapa ndipo nilipokosea. Mwaka mmoja, nimeshaanza kusikilizwa na kichwa kimeanza kuvimba, nilihesabu taulo nikakuta pungufu 40. Nikaingia kikaoni na namba yangu kama kawaida, nikasema mbele ya watu wote kwamba taulo 40 zimepotelea udobi. Msimamizi wa udobi alikuwa mzee wa umri wa baba yangu. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, binti yangu."

Tangu siku hiyo kila alichotaka stoo kilikuja kwa karatasi, kimeletwa na kijana, salamu hakuna. Wiki ya pili taulo zikaonekana: zilikuwa kwenye boti ya kupelekea wageni kuzamia, wamejifutia wakaziacha kwenye sanduku. Namba yangu ilikuwa sahihi. Mahali nilipoiweka ndipo palipokuwa si pake, na nilikuwa nimemvua nguo mtu mzima.

Siku ya Ijumaa baada ya sala nilimfuata kwake kumtaka radhi. Alinisikiliza, akaniagizia chai, akasema: "Ungelinijia mlangoni, mwanangu, tungelihesabu pamoja."

Tangu hapo namba yoyote inayomgusa mtu naipeleka kwake kwanza, kabla ya kikao. Nabisha hodi, namsalimia, namwambia: "Nimekuta hivi, labda mimi ndiye niliyekosea hesabu." Mara nyengine kweli nimekosea mimi. Na mara nyingi mwenyewe ndiye anayelisema kikaoni, na ananitaja kwa wema.

Hatua ya 5: Mfungulie mlango aliyenyamaza

Robert Bales wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza vikundi vidogo miaka ya 1940 na 1950, akaona kwamba anayesukuma kazi mbele na anayependwa na wenzake mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mimi nasukuma, najijua. Nikisukuma sana naanza kuchukiwa. Dawa niliyoipata ni kuwaita wengine waseme.

Tulikuwa tukibishania maji yanayopungua tangini usiku. Fundi anataka kuchimbua mabomba. Mlinzi wa usiku yuko kwenye kona amebaki baada ya zamu, anasinzia. Nikasema, "Baba, wewe ndiye uliye macho saa hizo, unasikia nini?" Akasema bustani inamwagiliwa saa tisa za usiku, mpira unaachwa wazi. Basi. Kwenye daftari niliandika jina lake, si langu, na mchana nilipotuma ujumbe nilimtaja. Yule mzee mpaka anastaafu alikuwa akinipa habari ambazo meneja hajazipata.

Hatua ya 6: Kumpinga mkubwa

Usiseme "hapana". Sema "Mzee, niruhusu niulize," kisha uliza kinachoweza kujibiwa kwa namba: "Tukiwapa likizo watu wa vyumba wote masika hii, lile kundi lililoweka nafasi mwezi wa nne nani atawatandikia?" Mkubwa akisema lake limepita, nyamaza, andika, tekeleza. Kama ni jambo la usalama wa watu, mfuate ofisini kwake siku hiyo hiyo, mlango umefungwa.

Hatua ya 7: Ujumbe kabla ya saa nane

Mtafute aliye juu yako kwanza, mwambie utatuma, asije akaona unamkalia kichwani. Kisha kwenye kundi la WhatsApp weka mistari isiyozidi sita, kwa maandishi. Sauti ya dakika nne hakuna anayeisikiliza hadi mwisho. Wangu wa siku ile ya maji ulikuwa hivi:

"Assalaam alaykum. Ya leo: Pampu, fundi, Jumatano. Mpira wa bustani ufungwe saa nne usiku, mlinzi (wazo lake, ahsante baba). Bei ya samaki, shefu ataleta Ijumaa. La vibarua halijaamuliwa, linarudi Alkhamisi. Nikikosea mnisahihishe."

Wiki mbili za mwanzo fanya daftari na huu ujumbe tu. Wiki ya tatu ongeza namba. Mimi asubuhi hizi natoka stoo mapema, napita jikoni, napita udobi kwa msimamizi mpya, kisha ndiyo naelekea kikaoni, na mara nyingi nusu ya ajenda imeshamalizika njiani.