Kuupanua Muziki wa Nyuzi Uwe wa Okestra Kamili

Muziki ulioandikiwa fidla, viola, selo na kontrabasi tayari umekamilika, na hapo ndipo anayetaka kuupeleka kwenye okestra kamili hunaswa. Kwa kuwa hakuna sauti inayokosekana, mwandishi hujikuta akizigawa nota zilezile kwa ala za kupulizwa kama fluti, obo na tarumbeta, mstari juu ya mstari, mpaka kila mpigaji ana kazi na msikilizaji hana pa kupumzika. Kwa hiyo, kabla hujaongeza ala yoyote, chukua nakala ya kazi yako uipitie kipimo kwa kipimo (kipimo ni kipande kifupi cha muziki chenye idadi maalumu ya mapigo), ukitia alama kila mahali ambapo nyuzi zinaweza kunyamaza.

Tuseme una wimbo wa vipimo nane katika ufunguo wa D meja, unaosikika mara tatu. Fidla za kwanza zimebeba wimbo, fidla za pili na viola zinarudiarudia kodi, yaani nota kadhaa zinazosikika pamoja, kwa mapigo mafupi mafupi, selo zimeshikilia D, na kontrabasi inaifuata oktava moja chini. Mara ya kwanza, waachie wapigaji wa nyuzi peke yao. Mara ya pili, mpe wimbo mpigaji mmoja wa obo, nyamazisha fidla za kwanza, na nyuzi zilizobaki zidonolewe kwa vidole badala ya kupigwa kwa upinde. Mara ya tatu fidla zirudi, fluti ziwe oktava moja juu yake, na timpani mbili (ngoma kubwa zinazopangwa kwa nota maalumu), moja ya D na nyingine ya A, ziingie kwa mara ya kwanza.

Zile nota fupi fupi za viola usizinakili kwa honi, ala ya shaba ya kupulizwa. Upinde huzirudia bila taabu, ilhali midomo na ulimi huchoka, na sauti ya honi iliyorundikwa hivyo huwa nzito mno. Angalia kazi ya mstari ule: ulikuwa ukijaza nafasi ya katikati na kuusukuma wimbo mbele. Honi nne zikishika kodi ndefu inayoanza kwa sauti ndogo na kukua zitaijaza nafasi hiyo vizuri zaidi, na msukumo utabaki kwa viola zenyewe. Kumbuka pia pumzi. Selo hubadilisha upinde bila msikilizaji kugundua, lakini fagoti, ala ya kupulizwa yenye sauti nzito, ikipewa nota ya vipimo nane lazima uwape wapigaji wawili wapokezane.

Aliyezoea kuandikia kwaya hudhani kwamba sauti ikiwa ndani ya eneo la ala, basi itasikika. Nilidhani hivyo mimi pia, nikaipa fluti wimbo katika nota zake za chini kabisa huku fidla zikipiga kwa nguvu. Katika mazoezi nilimwona mpigaji akipuliza, wala sikumsikia. Fluti chini ni laini na dhaifu, ilhali obo chini ni nene na ni vigumu kuipuliza kwa sauti ndogo. Kuhusu nguvu, kanuni ya mtunzi Mrusi Rimsky-Korsakov bado inafaa: sauti inapokuwa kubwa, tarumbeta moja hulingana na honi mbili.

Ufunguo nao una gharama. D meja ni rahisi kwa fidla, lakini klarineti ya B bemoli, ambayo husikika chini kuliko nota iliyoandikwa, italazimika kusoma E meja yenye diezi nne (alama za kupandisha nota nusu hatua). Ukichagua klarineti ya A itasoma F meja yenye bemoli (alama ya kushusha nota nusu hatua) moja tu. Honi ya F nayo huandikiwa nota ya tano juu, ukihesabu kuanzia ile inayosikika.

Mwishoni, fungua karatasi ya kila mpigaji uisome kama wewe ndiye utakayeipiga. Ukikuta tarumbeta imenyamaza vipimo 60, mwandikie mpigaji wake, kwa nota ndogo, vipimo viwili vya obo vinavyomtangulia, ili ajue pa kuingilia.