Kusaka jeni inayozuia saratani ya matiti: anza na umri

Kabla hujagusa damu ya mtu, chora ukoo wake. Mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke. Aliyeugua mpake wino, kisha andika pembeni umri aliogundulika nao. Upande wa baba usiuache. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilichora upande wa mama peke yake, nikampita binti ambaye shangazi zake watatu waliugua kabla ya miaka 45. Baba yake alikuwa mzima, kumbe kasoro ya jeni ilipitia kwake. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Umri ndio ufunguo. Mtaalamu wa jenetiki Mary-Claire King na wenzake kule Berkeley, Marekani, walikuwa na familia 23 zenye wagonjwa 146. Walipozipanga kwa umri, zile ambazo wanawake waliugua wakiwa vijana zilionyesha wazi kuwa alama moja (kipande cha DNA kinachotofautiana kati ya watu) kwenye kromosomu ya 17 inarithiwa pamoja na ugonjwa. Hiyo ni 1990. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana 1994.

Ukishapata eneo la jeni kwenye kromosomu, hakikisha kwamba jeni unayoisaka ni breki kweli, yaani huzuia seli zisiongezeke ovyo. Kila seli ina nakala mbili za jeni ya namna hii, moja ya baba na moja ya mama, na uvimbe huanza zote mbili zikiharibika. Mtafiti Alfred Knudson alilieleza hili 1971 kwa saratani ya jicho la watoto. Basi pima DNA ya uvimbe sambamba na DNA ya damu ya mgonjwa yuleyule. Yuleyule, si ya dada yake! Damu ikionyesha nakala mbili na uvimbe ukionyesha moja tu, uliza iliyopotea ni ipi. Katika koo zenye BRCA1 hupotea ile nzima, ya mzazi asiye na kasoro. Mimi hapo ndipo ninapoamini. Ila kata uvimbe kwa uangalifu: seli za kawaida zikijichanganya humo, nakala iliyopotea itaonekana kama bado ipo.

Kipande kilichopotea huweza kubeba jeni nyingi, kwa hiyo zisome herufi kwa herufi, ukitafuta kasoro inayokatisha protini njiani na kuwafuata wagonjwa wa ukoo. Usiitupe kwa sababu binti mmoja mzima anayo. Huenda umri wake bado. Na ukikuta bibi aliyeugua bila kuwa nayo, rudi kwenye duara lake usome umri. Akiwa aliugua na miaka 70, huenda saratani yake haihusiani kabisa na jeni unayoisaka.