Bustani ya Kunukia: Kupanda kwa Kufuata Upepo na Saa

Wengi wetu huchagua maua kwa macho, tukayapanda pale yanapopendeza kutazamwa, kisha tukashangaa kwamba yasmini iliyohanikiza kitalu kizima siku tuliyoinunua haisikiki hata kidogo nyumbani. Mara nyingi kosa si la mmea. Harufu ni mvuke mwembamba unaotoka kwenye petali, nao huelekea unakopelekwa na upepo. Kwa hiyo kabla ya kushika jembe, kaa jioni mbili tatu mahali unapopenda kupumzika, uangalie upepo unatoka upande gani. Panda upande huohuo, mita 2 au 3 kutoka kitini au dirishani, na ikiwezekana pawe na ukuta au ua wa miti wa kukinga, kwa sababu upepo mkali huitawanya harufu kabla haijamfikia mtu, ilhali hewa iliyotulia huiacha ikae.

Jambo la pili ni saa. Maua mengi meupe ya nchi za joto hunukia zaidi kuanzia machweo kwa kuwa wachavushaji wake ni nondo, ambao gizani huongozwa na weupe na harufu. Mtu anayeshinda kazini na kurudi jioni ana bahati, maana bustani yake huamka anapofika.

Ningeshauri kuanza na yasmini ya Kiarabu, yaani Jasminum sambac, ambayo hukubali kukaa hata kwenye chungu. Ipatie jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku, udongo usiotuamisha maji, na mboji kiasi. Huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo kila mkupuo wa maua unapokwisha, pogoa karibu theluthi ya urefu wa matawi bila huruma. Anayeogopa mkasi hubaki na majani tu. Raha yake kubwa, kwa maoni yangu, haiko kichakani bali mkononi: alasiri chuma matumba yaliyonona na kuwa meupe ila bado hayajafunguka, uyaweke kwenye kisahani chenye maji kidogo, nayo yatafunguka chumbani usiku na kunukia hadi asubuhi.

Franjipani ndiyo rahisi kuliko yote. Kata tawi la sentimita 30 hadi 45, liache kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha lichomeke kwenye udongo wa kichanga na ulinyweshe kwa uchache hadi majani yatoke, kwani tawi bichi lililozikwa kwenye udongo wa majimaji huoza. Jihadhari na utomvu wake mweupe, ambao huwasha ngozi na macho. Mmea huu pia ni mlaghai: maua yake hayana nekta, na nondo huyazungukia usiku kucha bila kupata chochote.

Mlangilangi ni mti, si kichaka, na ukiachwa utapita paa la nyumba. Wenye mashamba huukata ncha ukifika karibu mita 3 ili maua yafikiwe kwa mkono. Maua huwa ya kijani kwanza, na huchumwa mapema asubuhi yakiwa yamegeuka manjano. Kwa uwanja mdogo, tafuta aina fupi ya kichaka.

Gadenia inadai uvumilivu. Inataka udongo wenye asidi, kwa hiyo usiiwekee majivu kamwe. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, ujue haipati chuma. Matumba yake hudondoka ikikaushwa leo na kufurikishwa kesho.

Kuhusu malkia wa usiku, Cestrum nocturnum, nina tahadhari. Kwa mbali harufu yake ni tamu, lakini chini ya dirisha la chumba cha kulala huwaumiza wengine kichwa, na matunda yake yana sumu. Uweke mwisho wa kiwanja, mbali na watoto wadogo, ama uuache kabisa.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi hujaza majani na kupunguza maua, basi samadi iliyooza vizuri mara chache kwa mwaka inatosha. Usiipande mimea yote ya kunukia mahali pamoja, kwa kuwa pua huzoea harufu baada ya muda mfupi na kuacha kuisikia. Tenganisha, hii mlangoni, ile karibu na kibaraza, ili upitapo ukutane na moja baada ya nyingine. Ikiwa umekaa karibu na yasmini na unaona kama imeacha kunukia, ondoka dakika chache, urudi, ndipo uamue kama inahitaji maji.