Somo: Kutoka zamu za wodini kwenda kliniki ya Jumatatu hadi Ijumaa

Nilifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka 9: asubuhi, mchana, usiku, kisha off. Halafu nikahamishiwa kliniki ya baba, mama na mtoto kwenye kituo cha afya, saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Wenzangu walinipongeza. Wiki ya tatu nilikuwa nalia kwa uchovu. Naandika haya kwa ajili yako muuguzi uliye na barua ya uhamisho mkononi.

Hatua ya 1. Usiingie kliniki ukitokea zamu ya usiku. Mwombe mapema muuguzi mfawidhi akupangie zamu za asubuhi tu wiki ya mwisho. Saa ya mwili haigeuki kwa siku moja, inasogea kidogo kidogo. Ikishindikana, siku unayotoka usiku lala kwa muda mfupi tu, amka, toka nje, kisha uende kitandani mapema jioni.

Hatua ya 2. Shika muda wa kuamka. Usingizi haulazimishwi, ila kuamka unaweza kukupanga. Mimi ni saa 11:30 alfajiri, Jumamosi na Jumapili pia. Kukipambazuka nafagia uwanja, maana mwanga wa asubuhi ndio unaouambia ubongo kwamba siku imeanza. Kahawa mwisho saa 6 mchana.

Hatua ya 3. Kula kabla ya kutoka nyumbani. Wodini dharura huja saa yoyote. Kliniki mzigo wote unashuka asubuhi. Akina mama wameshajaa kwenye mabenchi, na chupa ya chanjo ya surua-rubela ya dozi 10 ikishachanganywa haitumiki zaidi ya muda wa saa sita. Ukisema utakunywa chai baadaye, utainywa saa 8.

Hatua ya 4. Jikabidhi kazi. Hapa ndipo nilipoumia zaidi, na hakuna aliyenionya. Wodini tulipokezana ripoti kitanda kwa kitanda, nikavua gauni, nikaondoka. Aliyebaki ndiye mwenye wagonjwa. Kliniki hakuna wa kukupokea. Kadi usiyoijaza leo inakungoja kesho, mtoto aliyekosa chanjo ya Penta ya pili ni wako, rejesta za MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma za afya) ni zako mpaka mwisho wa mwezi. Nikawa nalala na kliniki kichwani. Sasa ikifika saa 9:00 najumlisha rejesta, naorodhesha waliokosa tarehe, nasoma joto la jokofu (lazima liwe kati ya nyuzi 2 na 8), kisha naandika ripoti kwenye daftari dogo kana kwamba namkabidhi mwenzangu wa usiku. Nikilifunga daftari, zamu imekwisha. Lilinisaidia kuliko ushauri wote wa usingizi niliopewa.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya posho za zamu zitakazokatika kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Na mambo ya benki yamalize ungali na off za katikati ya wiki, kwa sababu hutazipata tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi, Songea: Shikamoo dada. Nina wiki mbili kliniki, lakini saa 8 usiku naamka kama naitwa leba. Nimeze dawa ya usingizi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Wiki mbili bado ni mapema, usikimbilie dawa. Usishike simu, usiangalie saa, na asubuhi usijilipe kwa kuchelewa kuamka. Ukifika mwezi mzima hali ni ile ile, muone daktari.

Muuguzi, Mwanza: Sista, naogopa mikono itasahau kuzalisha.

Jibu: Hofu hiyo ni ya kweli. Omba ruhusa uingie chumba cha kujifungulia hapo hapo kituoni mara moja moja, na usiache mazoezi ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Ile dakika ya kwanza haitakusubiri ukumbuke.

Mama wa miezi mitano, Dodoma: Nanyonyesha. Nyumbani wanasema siku hizi nina nafasi, basi nipike, nifue, nipokee wageni.

Jibu: Pole mama. Kaa nao uwaeleze kwamba zimebadilika saa tu, uzito wa kazi uko pale pale. Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Zidai.

Muuguzi, Dar es Salaam: Posho imenikatika. Nichukue usiku wa Jumapili hospitali binafsi?

Jibu: Nilifanya hivyo miezi miwili. Jumatatu moja nikajaza chanjo ya mtoto kwenye kadi ya mtoto mwingine. Mama yake ndiye aliyegundua. Niliacha wiki ile ile. Ukilazimika, omba Jumamosi mchana.