Kueleza riwaya ya ajabu ambayo wenzako hawajaisoma

Kwa kitabu kisichojulikana sana, anza na mwandishi, mwaka na toleo. Kwa hayo msomaji ataweza kukitafuta. Kisha eleza kanuni ya ulimwengu wake kwa sentensi mbili: Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa mfano, ni nchi iliyoko angani. Usivuke robo ya kwanza ya kisa. Wengi husimulia hadithi nzima, halafu humalizia na "kitamu sana" (utamu gani?). Nukuu mistari miwili au mitatu, pamoja na ukurasa, lugha ijisemee yenyewe. Kama kilikuchosha, taja sura iliyokuchosha. Nagona ya Kezilahabi (1990) ni fupi, lakini husomeka kama ndoto. Isome mara mbili kabla ya kuihukumu.