Kabla hujaenda kupimwa saluni: mambo ya kuzingatia kwa msusi anayeanza

Saluni chache za Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa zitakukalisha mezani zikwambie ujieleze. Mara nyingi unaambiwa tu, "Njoo kesho saa tatu tuone mkono wako." Kwa hiyo maandalizi yako ni ya mkono na ya mkoba kabla ya kuwa ya maneno.

Anza kwa simu. Uliza utapimwa kwa mtindo gani, kichwa cha kusukia kipo au uje nacho, na rasta ananunua nani. Asiyeuliza hukaa benchi hadi mchana akisubiri mteja atakayekubali kuwa wa majaribio, na wa namna hiyo ni adimu. Ukitakiwa kwenda na kichwa, mchukue ndugu au shoga yako ambaye nywele zake unazijua: zisiwe na mapunye wala vidonda, ziwe zimefumuliwa, zimeoshwa na kukaushwa kwa draya tangu jana yake. Nywele mbichi huvutika, na zikikauka hujikunja, msuko ukabana kuliko ulivyokusudia.

Mkobani weka kichana cha mkia, kichana cha meno mapana, vibanio vinne, mkasi mdogo, jeli, taulo, sindano ya kushonea wivingi na uzi mweusi. Rasta ichambue nyumbani ili ncha zisilingane. Ncha zilizokatwa sawasawa hutoa msuko unaoishia butu kama ufagio. Kucha kata. Ukucha mrefu unakwaruza ngozi na mteja anausikia kabla bosi hajauona.

Kinachotazamwa kwanza ni njia, yaani mistari inayogawa nywele katika visanduku, si msuko wenyewe. Anza kisogoni, pitisha mkia wa kichana mara moja bila kurudiarudia, halafu bana nywele zilizobaki zisikuingilie. Safu ya pili visanduku vyake vikae katikati ya vile vya safu ya kwanza, kama tofali za ukuta, la sivyo ngozi itaonekana mistari mitupu toka juu hadi shingoni. Kwa rasta zisizo na fundo, gawa nywele za mteja mafungu matatu, zisuke mizunguko miwili au mitatu peke yake, ndipo uongeze kipande chembamba cha rasta, kisha kingine kinene kidogo. Wanaoanza huharakisha, wanaingiza kipande kinene mapema. Pale pananyanyuka kinundu, uzito wote unavuta shina, na baada ya siku chache vipele vinatoka kwenye paji. Nywele za ukingoni zipewe rasta kidogo kuliko za katikati. Ukimaliza mbele, mwambie mteja ainue nyusi: akishindwa, umebana mno, fumua hizo chache bila kusubiri uambiwe. Bosi mwenye akili hukuhesabia hilo kama ushindi.

Ncha zinachovywa maji ya moto ili zisifumuke. Tandika taulo mgongoni kwake, mwambie kabla hujamwaga wala kuchovya, na kamua ncha kabla ya kuziachia. Majaribio mengi yanaharibikia hapa, mwishoni, msusi akiwa amechoka.

Dawa ya kulainisha hutapewa siku ya kwanza, ila utaulizwa. Jibu kwa mpangilio: unamuuliza mteja kama amejikuna au amefumua siku mbili tatu zilizopita, kwa sababu ngozi iliyokwaruzika itaungua. Unapaka mafuta mazito ukingoni na masikioni, unavaa glovu, unapaka kwenye ukuaji mpya tu, muda ni ule ulioandikwa kwenye boksi. Swali la mtego ni hili: "Akisema inaungua na muda bado?" Wengi husema watampepea. Jibu ni sinki, papo hapo, maji ya vuguvugu mengi, kisha shampuu maalumu ya kuzima dawa. Iliyobaki kwenye nywele inaendelea kuzila hata baada ya mteja kufika kwake.

Usafi nao utaguswa. Vichana huoshwa kwa sabuni kwanza, kwani uchafu hupunguza nguvu ya jiki, ndipo vinalowekwa dakika 10 katika kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vikombe sita vya maji, halafu vinasuuzwa. Mashine ya kunyolea usiiloweke. Brashi, kisha spiriti ya asilimia 70. Jiki inakula chuma.

Kopi ya cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania), au cha NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) kwa aliye Kenya, beba pamoja na kitambulisho. Saluni nyingine zinataka barua ya serikali ya mtaa na mdhamini. Mtindo usioujua sema hujausuka peke yako bado. Na picha za kazi za wengine ulizotoa mtandaoni zifute kwenye simu, wenye saluni wanazitambua.

Lililobaki ni pesa, na wageni wa kazi huliogopa bure. Usiishie kwenye "nusu kwa nusu", yaani wewe na saluni kugawana bei ya kichwa. Uliza vifaa vinakatwa kabla ya kugawana au la. Kichwa cha shilingi 40,000 chenye vifaa vya 12,000 kinakupa 14,000 vikikatwa kwanza, na 20,000 visipokatwa. Uliza pia siku ya mapumziko ni ipi, na wiki ya Idi au Krismasi mnafunga saa ngapi. Siku moja ya kupimwa bila malipo inaeleweka. Wiki mbili ni kazi ya bure. Ukikubaliwa, nunua daftari siku hiyo hiyo, andika kila kichwa ulichosuka na bei yake, bosi asaini jioni kabla hamjafunga.